Mdomo wa Papa Potwe

Fisi alitumwa na wenzake apeleke kikapu chenye paja la mbuzi msibani kwa Bi Bweha. Alipopita ufukweni akamwona Papa Potwe, samaki mwenye mdomo mpana kama mlango.

"Mdomo wote huo unakula nini?"

"Vijidudu vya majini."

Fisi akacheka mpaka akakaa chini. "Wangu haufiki robo yake, nao unamaliza ng'ombe."

"Na kikapuni una nini?"

"Paja la rambirambi. Nimeonja kidogo tu njiani." Akafunua amwonyeshe. Ulibaki mfupa. Kicheko kikamkauka.

Msibani, Bi Bweha alikipokea kikapu kwa mikono miwili, akausikia wepesi wake.

"Ahsante, mwanangu," akasema polepole. "Kuja tu kunatosha."

Fisi akainama, asijue mdomo wake aufiche wapi.