Mgongo Mzima

Ngo-ngo-ngo-ngo! Ungedhani mafundi bati wanagonga juu ya paji la uso wake. Tabu alifumbua macho, akaona ukuta mweupe wa mashine ya hospitali ya kupigia picha za mgongo karibu mno na pua.

"Usitikisike, dada," sauti ya mpiga picha ikamwambia kupitia vipokea sauti masikioni.

Alitulia, akaomba dua ya ajabu: Ewe Mola, kionekane kitu, hata ufa tu! Tangu mama mkwe apooze, yeye peke yake humnyanyua kutoka kitandani hadi bafuni, maana kwao mtoto wa kiume hamwogeshi mamaye. Na kila akilalamikia kiuno, mumewe Shekue humwita mvivu.

Baadaye daktari aliiangika picha kwenye taa. "Mifupa mizima. Hakuna diski ya uti wa mgongo iliyotoka wala mshipa uliobanwa."

Shekue, aliyesimama kando ya mkewe, akapiga makofi. "Si nilisema! Haya bibie, twende, mama anangoja kuogeshwa."

"Taratibu, bwana," daktari akamkatiza. "Maumivu mengi ya kiuno hayaonekani kwenye picha. Misuli ikielemewa na mizigo huuma kweli, na picha isiseme neno."

"Mizigo? Mama yangu ni mzigo?"

Tabu alishika ukingo wa meza, akainuka kidogo kidogo, jasho likimtoka.

"Mama si mzigo, mume wangu, na kumwogesha nitamwogesha. Lakini kumbeba tutambeba wawili. Naapa mbele ya daktari: simwinui tena mpaka nione mikono yako upande wa pili wa kitanda."