Maji ya Kipimo

Maji yalipochemka, injinia wa shirika alichomoa kipimajoto sufuriani, akatabasamu. Pale Lac Vert, kambi ya waliokimbia vita, jiko lake jipya lilikuwa limekula kuni mbili tu.

"Joto ya kuni ikiingia mu maji bila kupotea, njo maendeleo ya kudumu, mama Kasoki," alisema. "Sasa acha nipime maji yenye imebakia."

Kasoki alikuwa anautazama ukanda wa kubebea kuni, ule ambao binti yake huupitisha kwenye paji la uso akitoka msituni. Jana ulirudi umekatika, umeungwa kwa fundo. Binti mwenyewe alikuwa ndani ya hema, amegeukia turubai. Tangu arudi, hataki mtu amguse.

Kasoki akaepua sufuria kwa pindo la kitenge.

"Mama! Unaharibu kipimo!"

"Ni maji ya kumukanda mutoto."

"Iko mugonjwa?"

Kasoki alisimama mlangoni mwa hema, mvuke ukimpanda usoni.

"Papa yake angeenda kule pori, wenye bunduki wangemuua. Wanamuke hawawaui. Njo maana tulimutuma yeye."

Akainua turubai kwa kiwiko.

"Ingia, papa injinia. Leta na kipimo yako."