Kuku wa Fenesi

Mimi mwongo hanipiti. Namtambua kwa anavyomeza mate. Nimeolewa na waongo wawili, na wote niliwaamini.

Mzee Methusela naye alijisifu hivyo hivyo. Ndiyo maana jioni ile ya mwaka hamsini na nane, katika hoteli ya Bwana Pinto kule Raskazone, alikuwa ameshika paja la kuku kwa mikono miwili, analipasua katikati kama anayetafuta sindano.

"Baba Bertha, watu wanatazama," mkewe, Ruthi, alimnong'oneza.

"Waache watazame."

Ndani hamkuwa na nyama. Lilikuwa fenesi bichi, limekaangwa na viungo mpaka likatoka nyuzi kama kuku, na mfupa wake ulikuwa kipande cha muwa.

"Nilijua!" akasema.

Bwana Pinto alikuwa Mgoa asiyependa chakula kifanane na jina lake. Na Mzee Methusela alikuwa nyapara wa shamba la mkonge upande wa Maramba, miaka ishirini akifungua mafungu ya majani, maana wakataji wajanja huficha majani mafupi katikati. Kitu kilichofungwa kilimwasha vidole.

Jioni ile fungu lake lilikuwa Timotheo.

Kijana alitaka kumwoa Bertha. Barua ya posa ilikwisha kujibiwa, gauni lilikwisha kushonwa, na karamu hii ndiyo ya kufunga maneno. Alijitaja kuwa karani wa forodha. Lakini jirani mmoja alikuwa amemwona akitoka kwenye hoteli hii kwa mlango wa nyuma, mlango wa jikoni. Basi Mzee akaamua karamu ifanywe hapa hapa. Ruthi alijaribu kumgeuza: twendeni kwingine, chakula cha pale cha ajabu ajabu, kitakuvuruga tumbo. Mzee akaona mkewe anamkingia kijana kifua.

"Nikimkuta na uongo mmoja tu, posa inarudi," alimwambia Bertha ndani ya basi. "Na mtu wa kufunga aproni simpi binti yangu. Mume wa kukaanga vitunguu, wa nini?"

Bertha alilia kutoka Maramba mpaka Tanga mjini. Mama yake hakuwepo kumfuta machozi; alikuwa ametangulia tangu alfajiri kumwangalia dada yake mgonjwa, kama kila Jumamosi. Waliwakuta yeye na Timotheo mlangoni mwa hoteli, kila mmoja anatazama upande wake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Tuingie."

Bwana Pinto akaja mbio. "Ah, Timotheo! Karibuni, karibuni!"

"Anakujuaje?" Mzee akauliza kabla hajakaa.

"Namtolea makasha yake bandarini, baba. Huwa tunayapitishia nyuma."

"Na kidole hicho kimeunguzwa na nini?"

"Pasi, baba."

"Unapiga pasi mwenyewe?"

"Sina mke bado, baba."

Bertha akacheka. Mama yake akamkanyaga mguu chini ya meza.

Timotheo alikaa upande upande, asimtazame mama mkwe, wala asitie chakula kinywani mpaka mama yule ageuke. Adabu ya ukwe Mzee aliijua; yeye mwenyewe ujanani alimkimbia mama mkwe wake mpaka akaingia kwenye kinamasi. Lakini ya huyu aliiona imezidi. Mtu haogopi hivyo asipokuwa na jambo.

Akaletwa samaki mzima, magamba yake vipande vya tango, nyama yake mihogo iliyopondwa.

"Puliza kwanza," Ruthi akasema. "Tui limo ndani, lina moto."

Mzee akapuliza, macho kwa Timotheo. Akapasua. Akala. Akakwangua sahani mpaka ikalia.

"Mpishi huyu mwongo mkubwa," akasema, "lakini mkono anao. Mimi nyumbani mwaka mzima ugali na kisamvu."

"Kisamvu kimekukosea nini?" Ruthi akauliza.

Mwisho yakaja mayai ya kuchemsha. Weupe ulikuwa tui lililogandishwa, kiini kilikuwa embe. Mzee alilikata lake vipande vinne, akatikisa kichwa.

"Ruthi, wewe mtu wa jiko. Umewahi kuona yai la namna hii?"

"Mimi? Nikalione wapi? Hapa ndiyo kwanza nakanyaga."

Mzee akamwita Bwana Pinto. "Niitie mpishi wako, nimpe mkono."

Mgoa akajifuta jasho. "Leo nimempa ruhusa, bwana. Ameandaa vitu vyote mchana. Jioni ana shughuli ya kifamilia."

"Shughuli gani?"

"Mambo ya posa, nadhani."

Mzee akalaza kijiko. Akatabasamu vile alivyotabasamu shambani akigusa majani mafupi.

"Posa. Na mpishi huyo hayumo kwenye meza hii?"

Bwana Pinto akatazama dari. "Bwana, niliombwa nisiseme."

"Yumo au hayumo?"

"Yumo."

Bertha akafunika uso kwa kitambaa cha meza.

"Baba, naapa mimi..." Timotheo akaanza.

"Nyamaza! Nilisema mtu wa aproni simtaki kwenye ukoo wangu, yeye wala sufuria lake! Mpishi asimame, nimwone!"

Kiti kikaburuzwa. Timotheo alikuwa ameketi vile vile, kijiko mkononi. Aliyesimama ni Ruthi, akakusanya sahani za watu wanne kwa mkono mmoja, akaelekea jikoni bila kuuliza njia.