Joto Likipanda
Vifaranga sita walikuwa wamekufa kwa joto jana mchana, na asubuhi hii Mbaruku, kaka wa mume wa Sikudhani, aliingia bandani na jiko la mkaa la kuwapashia joto waliobaki.

"Shemeji, ng'oa hilo dude lako. Limeua."

"Sing'oi." Sikudhani hakuinua macho kutoka kwenye kompyuta. "Aliyeua ni mimi. Nilikiandikia hiki kibao cha kuongozea taa kwamba joto likishuka chini ya nyuzi thelathini na mbili, kiiwashe. Likipanda kifanye nini, sikukiandikia. Kimenitii neno kwa neno."

Akaongeza mstari mmoja: la sivyo, zima. Akaupeleka kwenye kibao, kisha akakifumbata kiganjani kidude cha kupimia joto kilichoning'inia kwenye waya, kipate joto la mkono.

"Taa ikizimika, jiko lako ulirudishe mwenyewe."

"Na isipozimika?"

"Nitakuwashia mkaa kwa mikono yangu."

Wakasubiri. Vifaranga walilia chini ya taa, kisha taa ikazimika.

Mbaruku akainama kushika jiko.

"Ngoja, shemeji. Hiyo ni nusu. Tuone kama kikipoa itawaka tena."

Akafungua kiganja, akaanza kukipepea kidude kwa ncha ya kanga. Mbaruku akabaki vivyo hivyo, ameinama, macho juu kwenye taa.