Mlango wa Jikoni

Hata waliobeba jeneza waliambiwa wazunguke, wapitie mlango wa jikoni.

"Na mvue viatu," mjane akaongeza. Hakupandisha sauti. Alisimama katikati ya njia kama mlinzi wa geti, mvua ikiwanyeshea wanaume wale na mzigo wao. Wakatazamana. Nani abishane na mfiwa? Wakavua, wakaingia pekupeku, mmoja nusura ateleze. Huko nje wanawake wakaanza kunong'ona: jamani, mtu kafiwa, bado anawaza sakafu!

Lakini nani hakumjua? Mtaa mzima ulimwita Mama Vua. Mumewe alikuwa mfyatua matofali, na mfyatua matofali ni udongo mtupu, toka kucha hadi nyusi. Ndoa yao nzima walipigana vita moja tu, ya buti. Mama akipiga deki, bwana anakanyaga. Mama akifoka, bwana anacheka, anarudi mlangoni kinyumenyume kama mwizi aliyeshikwa. Hata asubuhi ile, kabla shimo la udongo halijamporomokea, majirani walisikia vizuri kabisa: "Viatu! Viatu, we baba!" Mchana watu wakawa wanafukua kwa mikono. Walichoanza kukiona ni kofia yake.

Sasa mwezi tangu mazishi ulikuwa unakaribia kwisha. Wageni wote walishaondoka, akabaki dada yake mkubwa peke yake, na huyu hakubaki kwa kupumzika. Kaka zao walimwachia kazi: amwangalie mdogo wao. Kama anajiweza, abaki kwake. Kama hajiwezi, arudishwe nyumbani, atake asitake. Kila jioni simu ililia.

"Vipi, amelia?" kaka mkubwa aliuliza.

"Bado."

"Basi mlete. Mtu asiyelia anaharibika kichwa."

Dada mtu hakutaka kumburuta mtu kutoka nyumbani kwake. Alitaka chozi, hata moja, awe na la kuwaambia. Lakini wapi! Mdogo wake alipika, akala vijiko viwili, akafua, akaitikia salamu. Ukimuuliza lolote, alikujibu kama anayekutajia bei dukani.

Kilichomshughulisha ni udongo tu. Mlango wa mbele aliutia komeo, akauegemezea kiti. Kwenye mlango wa jikoni aliweka ndoo ya maji, kopo, gunia la kupangusia miguu na ndala za kuvalia ndani, na hata mwenyewe hakujisamehe. Ndani, hatua chache kutoka mlango wa mbele, palikuwa na beseni limegeuzwa kifudifudi sakafuni. Dada mtu alidhani lilisahaulika hapo tangu siku ya msiba.

"Hili beseni nilitoe? Tutajikwaa."

"Liache, dada."

"Basi walau tufungue huo mlango, hewa iingie."

"Udongo utaingia."

"Mdogo wangu, hata sasa? Nani wa kuuingiza tena?"

Neno lilipomtoka tu, dada mtu akajuta. Alimtazama mwenzake usoni, akingoja. Hakukuwa na kitu. Mdogo wake alichukua mwavuli, akasema anakwenda dukani kununua chumvi.

Dada mtu akabaki na aibu yake. Marehemu mama yao aliwalea hivi: ukishindwa maneno, shika tambara. Basi akashika tambara. Akapandisha viti juu ya meza, akajaza ndoo, akapiga deki chumba cha kulala, akapiga ukumbi, akainama hadi chini ya kabati, jasho linamtiririka. Akafika kwenye beseni, akaliinua.

Chini yake palikuwa na udongo mwekundu, mkavu, umeganda hadi ukaanza kupasuka.

Akacheka, peke yake, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Loo! Kumbe Mama Vua naye ana kona yake ya kufichia uchafu! Kisha huruma ikamshika. Maskini, pengine alipafunika siku ile watu walipojaa, akakosa nguvu za kuparudia. Akaleta kisu, akaukwangua wote, akapasugua kwa sabuni hadi saruji ikang'aa, akalirudisha beseni lilivyokuwa. Moyoni aliona amepata pa kuanzia. Pengine leo mdogo wake angelainika.

Mdogo mtu alirudi na chumvi. Akanawa miguu, akapangusa kwenye gunia, akavaa ndala, akasimama mlangoni pa ukumbi akinusa sabuni.

"Umepiga deki."

"Nyumba nzima!" dada mtu akasema, anatabasamu. "Kaa, leo usiguse kitu."

Hakukaa. Alikwenda hadi kwenye beseni, akachuchumaa, akaliinua pole pole kwa mikono miwili. Akabaki hivyo, beseni mkononi.

"Na hapo nimepasugua," dada mtu akamwambia. "Ulikuwa umeganda kweli, ikabidi nitumie kisu."

Mdogo mtu aliweka kiganja juu ya saruji, ilikuwa bado na majimaji. Macho yake yalikuwa makavu vilevile. Akainuka, akaliweka beseni juu ya meza. Akasogeza kiti, akavuta komeo, akaufungua mlango wa mbele wote. Mvua ikarusha matope hadi kizingitini.

"We! Udongo utaingia!"

"Uingie tu, dada. Unyayo wake ulikuwa huo mmoja, wa asubuhi ile aliporudia kofia, nikamfokea."