Picha ya Mbele ya Nyumba

Niliporudi na simu ya kuazima, nilikuta nyumba yetu imekuwa ya kijani.

Kuta za mianzi, zilizokuwa nyeusi kwa moshi tangu nizaliwe, ziling'aa kwa rangi mbichi. Pikipiki ya jirani ilikuwa imeegeshwa barazani. Baba alisimama mlangoni na shati lake la batiki la kuendea harusi, rangi imemgandia kwenye nyusi.

"Umechelewa, Sekar. Miguu inaniuma kwa kusimama."

Jana nilimwambia kwamba watu wa ufadhili wa chuo kikuu wanataka picha ya mbele ya nyumba. Niliona haya kumwambia ni ya nini. Fomu ilisema: picha ithibitishe kwamba familia haina uwezo. Mwisho wa kuituma ni leo saa sita mchana.

"Rangi umeitoa wapi, Baba?"

"Ilibaki msikitini, nikaomba. Nimemwambia imamu nyumba inakutangulia chuo kikuu." Akacheka peke yake.

Nilizunguka nikitafuta ukuta aliousahau. Hata banda la kuku alikuwa amelipaka.

"Labda tuiondoe pikipiki," nikasema.

"Iache. Wasije wakadhani mwanangu katoka kwa maskini."

Alilamba kidole, akasugua nyusi. Rangi haikutoka. Akajinyoosha, mikono ubavuni, kama askari.

"Napendeza?"

"Unapendeza, Baba," nikasema, nikabonyeza.