Wimbo Usio na Tusi

Hadi leo, nyumbani kwa Baidyanath Jha, kuna wimbo mmoja ambao mama mwenye nyumba akisikia ukitajwa huinuka na kutoka. Nao ni wimbo wa sifa tupu.

Uliimbwa mara moja tu, kwenye karamu ya wakwe, siku tatu kabla ya ndoa ya binti yao mkubwa, Vibha. Baba mkwe mtarajiwa, Digambar Choudhary, alikuja kutoka ng'ambo ya mto na wanaume kumi na wawili. Alipangusa mkeka kwa leso kabla ya kuketi. Alinusa maji. Alimgeuzageuza samaki kwa kidole, akasema kwao samaki huwa wakubwa zaidi. Nywele alizipaka hina mpaka masikio yakawa mekundu. Mwanawe, bwana harusi mwenyewe, alikuwa mtu wa kumtazama baba kwanza ndipo acheke.

Sahani hazijajaa bado, Choudhary akatangaza kwamba Vibha ataacha ualimu.

"Mke wa nyumba yetu hafundishi watoto wa wavuvi," alisema. "Akifika, jiko linamtosha."

Baidyanath aliinamisha kichwa. Ahadi alishaitoa mbele ya kijiji. Upande wa mwanamke ukivunja, wadogo wawili wa Vibha hawatapata wa kuwaoa. Upande wa mwanamume ukivunja, aibu ni yao wenyewe. Lakini Choudhary hakuonyesha dalili ya kuvunja chochote isipokuwa miiba ya samaki.

Nyuma ya pazia la matete wanawake walikuwa wameshajipanga. Pale Mithila, kaskazini mwa India, wakwe wakila, wanawake wa upande wa bibi harusi huwaimbia matusi, mmoja mmoja kwa jina lake: mama yako mwizi wa maziwa, mjomba wako kaolewa na nyati. Wakwe hula huku wakicheka. Fundi wa nyimbo hizo alikuwa Indumati, dada yake Baidyanath, na kwa mwezi mzima alikuwa akimtungia Choudhary ya kwake.

Mama yake Vibha, aliyekulia Kolkata, alikuwa anakufa kwa aibu. Alimsihi wifi yake aache ushamba huo walau siku moja.

"Wewe mtu wa mjini, wifi, hujui," Indumati alimjibu. "Tunayemtukana ndiye wetu. Mpita njia tunamlisha tu, tunamwambia ahsante, anakwenda zake."

Hapo Vibha akatoka chumbani, rangi nyekundu ya bibi harusi miguuni haijakauka. Alipiga magoti mbele ya shangazi yake.

"Shangazi, nakuomba. Leo usimtukane mtu. Waimbie sifa tu."

Mama alimkumbatia kwa fahari. Wanawake wengine waliguna. Msichana waliyemjua kwa ukali wake kafyata mkia hata kabla ya kuolewa, na kwa watu wa namna ile. Indumati alimtazama mpwa wake kwa muda, kisha akaivuta ngoma.

Akaimba sifa. Ukoo wa Choudhary, hekima ya Choudhary, mkono wake mkarimu. Alimshukuru kwa kufika, akamtakia safari njema. Nje, wanaume waliacha kutafuna wakatega masikio, kila mmoja akingoja jina lake. Ubeti wa pili, sifa. Wa tatu, sifa. Mjomba mmoja, ambaye kwa tumbo lile alistahili beti nne peke yake, aliinama akaikodolea macho sahani.

Choudhary alinawa mikono, samaki kamwacha nusu.

"Simameni twende," aliwaambia watu wake. "Hawa hawataki undugu nasi."

Baidyanath aliwafuata hadi barabarani akiwaomba radhi, na hakuna aliyegeuka. Choudhary aliivunja ndoa pale pale, kwa kinywa chake, kijiji kizima kikisikia.

Mama alikimbilia chumbani kumbembeleza binti yake, pindo la sari mkononi tayari kumfuta machozi. Alimkuta sakafuni, miguu kaiosha rangi yote, anasahihisha madaftari ya darasa la tatu.

"Wameshavuka mto?" Vibha aliuliza, bila kuinua kichwa.